Hati ya Skauti na Dhamana ya Parokia

Tarehe 18 Februari 2020, Chama cha Skauti cha Wavulana nchini Marekani kiliomba mahakamani kinga ya sheria ya ufilisi. Watu zaidi ya 82,000 walijitokeza kudai kwamba walifanyiwa nyanyaso za kijinsia walipokuwa watoto katika vikundi vyake. Mpango wa fidia wa dola bilioni 2.46 ulianza kutekelezwa mwezi Aprili 2023, na parokia nyingi za Kikatoliki zilijikuta ndani ya shauri hilo.

Sababu imo katika muundo wenyewe. Nchini humo kikundi cha skauti hupata mlezi: parokia, shule au taasisi nyingine hutia sahihi hati, hutoa ukumbi na, zaidi ya yote, huidhinisha viongozi. Mzazi aliyemkabidhi mwanawe kwa kiongozi huyo alitegemea jina la parokia. Baada ya shauri hilo, baadhi ya majimbo yameona afadhali kuruhusu matumizi ya ukumbi tu, bila kushika hati.

Tunaielewa hofu hiyo, lakini kujivua dhamana hakumlindi mtoto. Anayebaki ukumbini ni mtoto yule yule, na pengine kiongozi yule yule.

Wala usimamizi wa Kanisa peke yake hautoshi. Huko Lyon, Ufaransa, aliyewadhulumu maskauti alikuwa padre wao, Bernard Preynat. Wazazi walilalamika kwa uongozi wa jimbo mwaka 1991. Aliondolewa kikundini, lakini akaendelea na utume hadi mwaka 2015. Alivuliwa upadre mwaka 2019, na mwaka uliofuata mahakama ikamhukumu kifungo cha miaka 5. Heshima ya daraja takatifu iligeuzwa kuwa pazia.

Kinachomlinda mtoto ni utaratibu usiomwonea haya mtu: kiongozi achunguzwe kabla ya kupokelewa, mtu mzima asibaki faraghani na mtoto mmoja, iwe kambini, safarini au kwenye simu, na tuhuma ifikishwe kwa vyombo vya dola bila kusubiri kikao cha kusuluhisha. Baba Mtakatifu Fransisko, kwa Vos estis lux mundi ya mwaka 2019, aliwawajibisha pia viongozi wa Kanisa wanaofunika makosa.

Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, amezikwa Nyeri, nchini Kenya, na chama chake kimezoeleka katika shule na parokia zetu. Kina mema mengi: nidhamu, huduma, upendo kwa uumbaji. Hatusemi kifungiwe milango. Tunasema kila Halmashauri ya Walei, kabla ya kambi ijayo, iulize ni nani aliyemchunguza kiongozi, na mtoto akiumizwa atamwambia nani. Pasipo majibu, kambi isubiri. Kristo alimweka mtoto katikati ya wanafunzi wake. Nasi tusimweke nyuma ya sifa zetu.