Mastaa, Shukeni Kwenye Boneti: Hiyo Land Rover Ina Mwenyewe

Niseme mapema tusije tukagombana mbele ya safari: picha ya gari la kale isiyomtaja mwenye gari ni nusu picha. Na mastaa wetu wanatulisha nusu picha kila wiki.

Mnawajua. Kuna yule msanii wa Bongo Fleva (simtaji, mjini tunaonana) aliyekaa juu ya boneti ya Land Rover 109, raba nyeupe, miwani, kapsheni "kishua cha zamani". Kuna yule dada wa mitindo anayependa kuegemea kila chuma chenye kutu anachokutana nacho. Mpigapicha katagiwa. Aliyempaka mekapu katagiwa. Duka la nguo limetagiwa mara mbili. Mzee aliyelitunza hilo gari miaka yote, akalala chini yake akifunga propela shafti kwa waya, hayupo. Hata jina lake la utani halipo.

Sisemi mchezo wenyewe ni mbaya. Oktoba 2024 Arusha ilijaa Land Rover kutoka kila kona, watu wakitaka kuipiku rekodi ya Ujerumani ya mwaka 2018, msafara wa magari 632. Zile picha zilikuwa tamu jamani. Ghafla kila mtu akakumbuka kwamba babu yake aliwahi kuwa na moja, au alipakiwa kwenye moja akipelekwa hospitali. Tangu hapo ukiposti gari la zamani, laiki zinamiminika. Safi kabisa. Ishu yangu ni nani anafaidika.

Huku Kibaoni hatuna maonyesho ya magari ya kale. Tuna magari ya kale yenyewe. Kabla lami ya Kanazi–Kizi–Kibaoni haijakuja, masika yalikuwa na lugha moja tu, matope, na waliokuwa wanaielewa ni 109, malori na matrekta. Mpunga wa bonde hili haukutembea kwa miguu. Ulibebwa. Sasa baadhi ya vyuma hivyo vimepumzika chini ya miembe na nyuma ya magereji, kuku wanataga kwenye siti ya dereva. Akipita staa anaenda Hifadhi ya Katavi kula bata, anasimamisha msafara, anapanda boneti, dakika kumi, anaondoka. Ukimuuliza gari ni la nani, anakuambia "nimelikuta tu njiani". Bosi, njiani hakuna gari lisilo na mwenyewe.

Halafu kuna hii ya kupanda. Bodi ya Land Rover za zamani ni ya alminiamu. Gari lilipozinduliwa mwaka 1948, chuma cha pua Uingereza kilikuwa cha mgao baada ya vita, wakatumia walichonacho. Alminiamu haili kutu kama bati la kawaida, lakini inabonyea kirahisi. Kisigino chako cha inchi nne kikiacha shimo, anayelipa fundi wa kunyoosha bodi ni mzee, siyo menejimenti yako.

Na kapsheni! Watu wanaandika chochote. Kila Land Rover ni "109" hata kama ni toleo la juzi. Wakati kulijua ni kazi ya sekunde tano: inama, chungulia chini. Ukiona springi za bapa, zile za kupangwa kama majani, uko na kizazi cha 109. Ukiona za koili, hiyo ni 110 iliyoanza kutoka mwaka 1983, au ndugu zake waliofuata. Namba 109 yenyewe ni inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Ukiandika hivyo kwenye kapsheni, mashabiki zako wanajifunza kitu na wewe unaonekana una akili. Gharama yake sifuri.

Au chukua Liemba. Kila mara mtu akipita Ziwa Tanganyika anaposti "meli ya mvuke inayotembea tangu vita ya kwanza". Polepole. Iliundwa Ujerumani mwaka 1913 ikiitwa Graf von Goetzen, ikasafirishwa vipande vipande, ikaunganishwa Kigoma na kuingia majini 1915. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha isitekwe, Waingereza wakaiibua 1924, ikarudi kazini 1927 kwa jina la Liemba. Injini ya mvuke iliondolewa miaka ya 1970, ikawekewa dizeli. Sasa kwa nini uandike uongo wakati ukweli ni mtamu kuliko muvi?

Treni ndiyo inaniuma zaidi. Reli ya Kaliua mpaka Mpanda, zaidi ya kilomita 200, ilijengwa baada ya Vita Kuu ya Pili kwa sababu ya mgodi wa madini ya risasi. Enzi hizo mvuke ndiyo ulikuwa unavuta. Leo kijana wa Mpanda akitaka kupiga picha injini kubwa ya mvuke iliyotunzwa vizuri, akili inampeleka Nairobi, kwenye makumbusho ya reli yaliyofunguliwa 1971. Na akifika kule atakutana na Garratt iliyotengenezwa Manchester na Beyer Peacock, ubavuni imeandikwa Mount Gelai. Gelai ni mlima wetu, uko pale karibu na Ziwa Natron. Jina ni letu, picha tunaenda kupigia kwa jirani. Hapo hatuna wa kumlaumu. Wenzetu walitunza.

Najua kuna wapigapicha wanasonya saa hizi. "Gari liko barabarani, nimlipe mtu kwa kuliangalia?" Hapana. Ukipita ukapiga picha ya mtaa na gari limo, piga, songa mbele. Lakini ukilifungua mlango, ukalipanda, ukaliweka kwenye kichupa au tangazo ambalo wewe umelipwa, hapo limekuwa kifaa cha kazi kama kamera yako. Kamera unaikodi kwa hela. Gari kwa nini "asante mzee"?

Tena nyinyi nyinyi ndiyo mnaolia picha zenu zikichukuliwa bila krediti. Mnataja sheria, mnataja COSOTA, mnawachana watu usiku kucha. Mna haki. Basi haki hiyo ishuke ngazi moja zaidi, imfikie mwenye chuma.

Hii siyo adabu tu. Wanunuzi wa skrepa wanapita vijijini na mizani. Wao hawaulizi gari lilibeba nani mwaka gani, wanauliza kilo ngapi. Mzee ambaye hajawahi kusikia gari lake lina thamani nyingine ataliuza kwa kilo, na hatuwezi kumlaumu, ada za wajukuu hazisubiri. Mzee aliyelipwa kwa picha mara mbili tatu, akaona jina lake kwenye simu ya mjukuu, atafikiri mara mbili. Yaani picha yako inaweza kuwa ndiyo inayoliokoa gari, au ndiyo ya mwisho kabla halijakatwa.

Kwa hiyo mastaa na wapigapicha, mambo ni manne. Omba, hata stesheni, kwa mkuu wa stesheni. Lipa kama na wewe unalipwa. Taja mwenye gari na fundi wake, kama wenyewe wameridhia. Andika kweli. Na baada ya picha yako ya pozi, piga nyingine bila wewe: subiri jua la saa kumi na moja jioni, shuka usawa wa taa za mbele, usifute vumbi, msogeze mzee asimame kwenye mlango wake wa dereva.

Nakuhakikishia, hiyo ndiyo picha ambayo watoto wako wataitafuta.