Vijahazi vya Barazani na Elimu ya Mafundi Wetu

Ukipita leo katika vichochoro vya Mji wa Kale wa Mombasa, au katika njia kuu ya Lamu, hukosi kuviona vijahazi vya mbao vimepangwa madukani, matanga yametandazwa, vikimngojea mgeni wa kuvinunua. Biashara hiyo ni halali na sina neno nayo. Wanaonishughulisha ni wengine: wale wachache wanaokaa barazani baada ya Alasiri, patasi mkononi, wakiunda chombo kidogo kwa mapenzi tu, na wale wanaovitengeneza tena vya kale vilivyoliwa na dumuzi. Twawahesabu kuwa wanapitisha wakati. Mimi naona wameshika amana ambayo wengi wetu tumeitupa.

Tuutazame mtepe. Chombo hiki cha Pate na visiwa vya Wabajuni hakikuwa na msumari. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za kumbi, tanga lake la mraba lilikuwa la mkeka, na omo yake ilinyoshwa mbele mfano wa shingo ya ngamia. Asili ya kushona vyombo ni ya mbali mno. Kitabu cha Kiyunani kilichoeleza habari za pwani hii katika karne ya kwanza kiliutaja mji wa Rhapta, kikasema jina hilo limetokana na vyombo vya kushonwa. Nasi tuliosoma chuoni twajua kwamba Surat Al-Qamar, inapoitaja safina ya Nabii Nuhu, imetumia neno "dusuri". Wengi wamelifasiri kuwa ni misumari, lakini wako wanachuoni wa lugha waliosema ni kamba za kufungia mbao. Fundi wa Faza wa zamani asingeiona ajabu tafsiri hiyo ya pili.

Hata hivyo mtepe ulitoweka. Ilipofika mwaka 2003, ulipoundwa upya mtepe mzima kwa ajili ya makumbusho ya Beit al-Ajaib, Unguja, hapakuwa na chombo kinachoelea ambacho mtu angekwenda kukipima. Ilibidi kurejea picha za kale, maandishi ya wageni, na mifano midogo iliyosalia katika makabati ya makumbusho. Yaani kile kilichoundwa na mtu barazani pake, labda kwa kujifurahisha, kiligeuka kuwa hati. Mtepe huo mpya uliitwa Shungwaya. Kisha tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo ilianguka, na watu wawili wakafariki, Mwenyezi Mungu awarehemu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza kama ni busara elimu ya pwani nzima kuiweka chini ya dari moja.

Wenzetu wa Oman walilishika jambo hili kwa mikono miwili. Merikebu yao Jewel of Muscat, iliyosafiri mpaka Singapore mwaka 2010, ilishonwa kwa kufuata mabaki ya chombo cha karne ya 9 yaliyopatikana mwaka 1998 karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia. Kabla ya mbao kubwa kukatwa, waliunda kwanza mfano mdogo, wakaujaribu. Hawakuuona kuwa ni mchezo wa watoto.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 2021 ilifunguliwa gati ya kwanza ya bandari mpya ya Lamu, na meli za chuma zatia nanga mahali palipozoea jahazi na mashua. Mbao za mbambakofi ni adimu na bei yake haishikiki. Marufuku ya kukata miti ya mwaka 2018 iliwagusa hata wakataji wa mikoko. Kijana anayetaka chombo cha kuvulia huona boti ya faiba na mashini humpunguzia taabu ya kukalafati na kupaka sifa kila mara. Simlaumu, kwani ana watoto wa kulisha. Wala mikono ya mafundi haijafa: mwaka 2018 Lamu iliunda Flipflopi, dau la plastiki iliyookotwa fukweni, na mwaka 2019 likasafiri mpaka Unguja. Lakini kazi ya mbao yapungua, na fundi wetu huunda kwa jicho na kwa kumbukumbu, si kwa karatasi. Akiondoka yeye, ramani yake imeondoka naye.

Hapo ndipo kijahazi cha barazani kinapopata uzito, nacho hapo ndipo kinapoweza kusema uongo. Karibuni niliingia duka moja nikaonyeshwa "jahazi la Lamu". Mlingoti umesimama wima kama wa bendera, ilhali mlingoti wa jahazi huinamia omo. Omo yenyewe imelala kama ya jahazi la Unguja, na ile ya Lamu husimama karibu wima. Foromali ni kijiti kimoja, nayo ya kweli huunganishwa miti ikafungwa kwa kamba. Usukani umegandishwa kwa gundi, haugeuki. Nilipomwonyesha muuzaji akacheka, akasema, "Ami, mgeni hajui."

Kweli, mgeni hajui. Lakini kijahazi kile kitakaa katika kabati ya mtu Ulaya miaka 50, kisha warithi wake watakipeleka makumbusho, na mtaalamu atakuja na futi yake akipime na kuandika kitabu. Wajukuu zetu watakisoma kitabu hicho darasani.

Wanaokarabati nao wana lao. Nimeona kidau cha zamani kimepakwa vanishi mpaka kikang'aa kama meza ya hoteli, kamba zake za kumbi zimetupwa na kutiwa nailoni. Aliyefanya hivyo alikipenda, sina shaka, lakini alifuta alichokusudia kuokoa: namna fundi alivyopiga fundo lake. Kamba iliyooza isitupwe. Iwekwe katika bahasha pamoja na chombo, na iandikwe ni kipi kipya na kipi cha asili.

Kwa anayeanza, kipimo cha wazee chatosha. Dhiraa moja ni nyanda 24. Basi kila dhiraa ya chombo kikubwa iwe wanda mmoja katika kidogo. Jahazi la dhiraa 40 litakuwa na nyanda 40, kadiri ya sentimita 80, nalo laenea juu ya meza. Mataruma yahesabiwe, yasikisiwe. Na chini ya mkuku liandikwe jina la fundi, mahali na mwaka, kwani mara nyingi kibandiko cha kabati humtaja aliyetoa zawadi na kumsahau aliyeiunda.

Makumbusho ya Taifa na Serikali ya Kaunti ya Lamu zingeweza kuagiza kwa mafundi mfano mmoja mmoja wa kila chombo kinachokumbukwa: jahazi, mashua, dau la mwao, ngalawa, na betili kama yuko anayeijua. Kila mmoja uundwe mara tatu, ukae Lamu, Mombasa na Unguja, na fundi arikodiwe akikitaja kila kipande kwa jina lake. Gharama yake haifiki ya boti moja ya kifahari. Waanzie Matondoni, msimu huu huu.