Tuulize Maswali Kabla ya Kusema "Mungu Kapenda"

Makamanda, leo siandiki kuhusu tume ya uchaguzi. Naandika kuhusu leba.

Mwaka jana binamu yangu aliingia kituo cha afya saa mbili usiku. Mimba ya miezi tisa, kliniki kahudhuria zote, mtoto anacheza tumboni. Akaambiwa njia bado, apumzike. Zamu ile nesi alikuwa mmoja, kina mama tisa. Kama saa sita uchungu ukakolea. Saa kumi na moja alfajiri ndipo mtoto aliposikilizwa tena, na mapigo ya moyo hayakuwepo. Alirudi nyumbani na begi la nguo ambazo hazijavaliwa. Waliokuja kumpa pole walisema lile tunalosema siku zote: Mungu kapenda.

Mimi nasoma sheria, nimefundishwa kuuliza nani alikuwa na wajibu gani. Nikamuuliza binamu: usiku kucha walimsikiliza mtoto mara ngapi? Akanijibu, "Nilipofika, na ile ya alfajiri."

Sasa sikieni. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema uchungu ukishakolea, mapigo ya moyo wa mtoto yasikilizwe kila baada ya dakika 15 hadi 30, na mama akianza kusukuma, kila dakika 5. Kazi hiyo haihitaji mashine ya mamilioni. Inahitaji kile kifaa kidogo kama tarumbeta, saa ya mkononi, na mtu mwenye nafasi ya kuinama kusikiliza. Kwa takwimu za Umoja wa Mataifa, dunia hupoteza karibu watoto milioni 2 kila mwaka wanaozaliwa wamefariki, na zaidi ya asilimia 40 kati yao hufa uchungu ukiwa umeshaanza. Yaani mama keshaanza safari ya mwisho, na mara nyingi keshafika mikononi mwa mtaalamu.

Msiniambie haiwezekani katika nchi maskini. Katika hospitali ya Mnazi Mmoja, Zanzibar, wakunga na madaktari walikaa pamoja na watafiti wakaandika kijitabu cha mfukoni cha kusimamia uchungu, kinachoendana na hali halisi ya wodi yao, si ya Ulaya. Wakawa wanakutana kwa mafunzo mafupi ya mara kwa mara. Kabla ya hapo, mwishoni mwa 2014, walikuwa wanapoteza watoto 59 tumboni kwa kila vizazi 1,000. Mwaka mmoja baadaye wakafika 39. Hiyo 39 bado ni nyingi mno, lakini theluthi ya vifo iliondoka bila kujenga jengo jipya hata moja.

Serikali itatujibu kwa namba zake, na tuwe wakweli, zipo. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulionyesha vifo vya kina mama 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukaonyesha 104. Hongera kwa wakunga waliofanya kazi hiyo. Lakini jamani, mmewahi kusikia kwenye uzinduzi wa jengo waziri akitaja watoto waliozaliwa wamefariki? Jengo linakatiwa utepe. Nesi wa pili wa zamu ya usiku hana utepe wa kukata.

Na kisheria tukoje? Ibara ya 14 ya Katiba inatupa haki ya kuishi. Ibara ya 11 inagusa msaada wakati wa maradhi, ila Ibara ya 7(2) inasema masharti ya sehemu hiyo hayawezi kudaiwa mahakamani. Umepewa haki, halafu umefungiwa mlango wa kuidai. Wenzetu Uganda walifungua kesi 2011 kuhusu huduma mbovu kwa wajawazito. Mwaka 2012 wakaambiwa hayo ni mambo ya siasa. Wakakata rufaa, Mahakama ya Juu ikawarudishia kesi 2015, na Agosti 2020 Mahakama ya Katiba ikatamka kwamba Serikali kushindwa kutoa huduma za msingi za uzazi ni kuvunja Katiba, ikaiagiza itenge fedha. Miaka tisa! Kwa hiyo tunaposema Katiba mpya, tuseme na hili: haki ya afya inayodaiwa mahakamani.

Sisemi manesi wafungwe. Nesi mmoja hawezi kusikiliza mioyo tisa kila nusu saa na huku anazalisha. Anayepaswa kujibu ni aliyepanga zamu ile, na aliyepanga bajeti ile.

Wakati tunasubiri Katiba, tuanze na kata zetu. Nenda kwa diwani wako, awe wetu au wao, muulize matatu: usiku leba wapo wangapi? Mapigo ya mtoto yanasikilizwa na kuandikwa kila baada ya muda gani? Mtoto akizaliwa amefariki, nani anakaa kujadili sababu, na mama anaelezwa nini? Majibu yaandike, yalete kwenye kikao cha tawi.

Binamu yangu ni mjamzito tena. Safari hii anauliza mwenyewe kila nusu saa. Asingepaswa kuuliza.