Projekta au Runinga: Tutazame Saa Kabla ya Bei

Baadhi ya wazazi wametuuliza: kwa sebule ya familia, lipi bora, projekta au runinga?

Projekta ina sifa zake. Hutoa picha pana sana kwa bei iliyo chini ya runinga ya upana huo, na ikizimwa, ukuta hubaki mtupu. Lakini mwanga wa jua unaopenya dirishani huififisha picha yake. Zile zenye balbu aghalabu hutumia umeme wa wati 200 hadi 300, na balbu ikichoka hununuliwa nyingine. Runinga ya LED ya inchi 43 kwa kawaida hutumia chini ya nusu ya umeme huo, nayo huonekana vyema mchana.

Hapa ndipo penye uzito. Projekta hutaka giza, na giza huingia pamoja na Magharibi. Saa inayoifaa projekta ndiyo saa ya swala, ya watoto kudurusu Qur'ani, na ya familia kula pamoja hadi Isha. Tukiileta nyumbani bila kutafakari, tumeipa picha saa bora ya nyumba yetu.

Rai yetu ni runinga ya wastani, itazamwe baada ya Alasiri na izimwe kabla ya adhana. Mwenye projekta tayari atundike mapazia mazito, aitumie mchana wa siku za mapumziko. Na sisi wazazi tuwe wa kwanza kushika kitufe cha kuzimia, kwani mtoto hufuata aonalo.

Wabillahi tawfiq.