Mambo ya Nyumbani: Picha za Bwana Ukutani

Mke wa seremala hukalia kiti kabla hakijauzwa, na mke wa mvuvi humwona samaki akingali analowa maji. Lakini mke wa mchoraji, mara nyingi, huziona picha za bwana wake siku moja na wageni. Nyumbani alizoea kuona mgongo wa mtu aliyeinama penye taa, na rangi zilizomwagika sakafuni, ambazo yeye ndiye aliyezisugua. Siku ya maonyesho huvaa kitenge chake kizuri, akaingia ukumbini, na hapo ukuta humwambia mambo ambayo mdomo haujapata kumwambia.

Hapa Goma maonyesho ya namna hiyo si jambo geni. Nyumba za sanaa kama Yolé!Africa na Foyer Culturel zimelea vijana wengi. Tena wako wachoraji ambao hawakupita katika nyumba yoyote ya namna hiyo. Walianza kwa kuchora vibao vya maduka na vya vinyozi. Mmoja wa hao ndiye tunayetaka kumtaja leo, au tuseme hasa mkewe, kwa maana ndiye aliyetupa habari hii pamoja na ruhusa ya kuiandika, ila bila majina.

Jamaa hii ilikuwa ikikaa upande wa Buhene. Wenyeji hawana haja ya kuelezwa yaliyotokea huko Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, mkesha wa Pentekoste. Kwa walio mbali twasema tu kwamba mlima Nyiragongo ulipasuka jioni, moto ukateremka hata Buhene, ukasimama si mbali na uwanja wa ndege, na maelfu ya nyumba yakateketea. (Tarehe 17 Januari 2002 ulikuwa umepita katikati ya mji mpaka ziwani, ukaliharibu hata kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu.) Usiku ule mama alitangulia na watoto, bwana akabaki kumtoa mama yake mzee. Wakapotezana. Walionana tena siku ya tisa, huko Sake. Tangu hapo bwana hakusema neno juu ya usiku ule. Akiulizwa, alijibu, “Tumepona, yatosha.”

Mwaka uliofuata alitundika picha kumi na moja katika ukumbi mmoja wa mji. Mama alizipita polepole pamoja na jirani zake: soko, ziwa, vijana wanaosukuma chukudu yenye magunia ya makaa. Mbele ya ile ya saba akasimama. Ilikuwa njia, usiku, mbingu nyekundu, na mwanamke anayekwenda zake, godoro kichwani, mtoto mgongoni. Kitenge alikijua mara moja: cha buluu chenye ndege wa manjano, ambacho alikiuza Sake apate unga. Lakini mwanamke yule amechorwa kwa nyuma. Uso wake hauonekani. Jirani mmoja akacheka, “Mama, bwana wako amesahau uso wako?”

Maneno hayo yalimchoma. Alirudi nyumbani amenuna, wala hatumlaumu. Mtu asipende kuona taabu yake imetundikwa ukutani pasipo kuulizwa, watu wakipita na soda mkononi. Siku mbili alinyamaza. Siku ya tatu akamwuliza bwana wake swali ambalo twaliona kuwa jema kuliko yote awezayo kuuliza mke wa mchoraji. Hakumwuliza, “Kwa nini umenichora hivi?” Alimwuliza, “Ulikuwa umesimama wapi?”

Bwana akajibu, “Mlangoni.”

Kumbe hakuacha uso kwa kusahau. Alichora kile alichokiona mara ya mwisho, kabla ya siku nane za kutojua kama wangali hai: mgongo, godoro, na ndege wa manjano wakipotea katika kundi la watu. Uso hakuuona. Angeuchora, angesema uongo. Mama alituambia kwamba hapo ndipo alipojua kuwa mwenzake alikuwa na usiku wake mwingine, tofauti na wake, nao alikuwa hajamgawia mtu.

Wanafunzi wapendao sanaa watamkumbuka Sam Ntiro, mwenyeji wa Machame chini ya Kilimanjaro, aliyefundisha kuchora Makerere, kisha akawa balozi wa Tanganyika huko London. Watu katika picha zake ni wengi na wadogo, wala hakushughulika sana na nyuso zao. Picha moja aliyoichora mwaka 1956 yahusu wanaume wanaompelekea bibi arusi pombe ya ndizi usiku. Tangu 1960 imo katika jumba la sanaa za kisasa la New York. Mchaga hahitaji kuonyeshwa pua ya mtu ili ajue wale ni nani na waenda wapi. Mzigo wamtosha, na saa ya usiku. Ntiro mwenyewe alioa miaka miwili baada ya picha hiyo, mwaka 1958. Alimwoa Sarah Nyendwoha wa Bunyoro, aliyepata shahada ya Oxford mwaka 1954, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Afrika Mashariki, tena aliyekataa mshahara wa ualimu kwa kuwa wanawake walilipwa chini ya wanaume. Twalitaja hili kwa ajili ya wale wanaodhani kwamba mke wa msanii ni kivuli tu cha picha za mumewe.

Bwana wetu wa Buhene naye hatumwachi bila neno. Ilimpasa kumwonyesha mkewe ile picha kabla ya kuipeleka mjini. Huzuni ile ilikuwa ya watu wawili, naye aliitoa nje kama mali ya mmoja. Tena alikuwa ameweka chini yake kikaratasi cha Kifaransa, lugha ambayo mkewe haisomi vizuri. Mama alipouliza maana yake, akaambiwa, “Kukimbia.” Akakataa. “Mimi sikukimbia,” alisema, “nilikuwa napeleka watoto.” Kesho yake palikuwa na kikaratasi kipya, cha Kiswahili: Mama anatangulia.

Likabaki jambo la fedha, maana mgeni mmoja alitaka kuinunua kwa dola 300, na malipo ya shule ya watoto wawili yalikuwa hayajatimia. Wako watakaosema kwamba kuuza picha ya namna hiyo ni kuuza machozi. Sisi hatuoni hivyo. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za mafuta za kupakia baiskeli, hakuchora ili picha zikae ndani; mkewe, Agatha Mataka, alikuwa akiziuza Oysterbay, karibu na duka la Morogoro Stores. Kazi ya mikono yaweza kulisha nyumba wala isipungukiwe heshima. Linalotakiwa ni kwamba wawili wakubaliane, na aliye ndani ya picha awe na sauti sawa na aliyeshika brashi.

Hao wawili walikubaliana. Picha iliuzwa, na watoto wakaendelea na masomo. Lakini kabla haijaondoka bwana alichora nakala ndogo juu ya kipande cha mbao, nayo iko juu ya mlango wa jikoni. Katika ile kubwa mama ameshika sufuria. Katika nakala ameshika kidumu cha maji, kwa maana, asema, ndicho alichokuwa nacho, na gizani bwana hakuona vema.