Pimeni Gesi kwa Kilo, Acheni Kugawa Mitungi

Ingieni jiko lolote la Kasense, hapa kwetu Rukwa, mwezi wa Februari, wakati ghala limebaki vumbi na mahindi mapya bado yako shambani, muulize mtungi wa gesi wa kilo 6 uko wapi. Upo. Uko kwenye kona, juu yake kuna ndoo ya unga, na rangi yake inang'aa kama siku ulipokabidhiwa. Kinachoivisha ugali ni mafiga matatu na kuni zilizonyeshewa. Mwenye jiko anakohoa, mtoto mgongoni anakohoa, na mtungi umekaa pale kama mgeni rasmi aliyesahau kuondoka.

Ripoti za serikali humhesabu mama huyu miongoni mwa waliofikiwa na nishati safi. Amefikiwa na chuma!

Mei 8, 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia: ifikapo 2034, asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na kuni na mkaa. Sina ugomvi na lengo hilo, na Mfipa angekuwa wa mwisho kuwa na ugomvi nalo. Uwanda wetu ni wa nyasi. Mababu zetu walifua chuma katika tanuri ndefu za udongo, malungu, zilizokula magogo kwa magogo, na sisi tukamalizia kilichobaki. Msitu wa Mbizi unaotuchujia maji unatafunwa kila upande. Mwanamke anayetafuta mzigo wa kuni Ufipa leo anatembea mwendo ambao mama yake hakuutembea. Kwa hiyo gesi ije, na ije haraka.

Ila iliyokuja si gesi. Wakala wa Nishati Vijijini umesambaza mitungi ya kilo 6 kwa bei ya ruzuku, wanasiasa nao wanagawa yao bure kwenye mikutano, kwa picha na vigelegele. Mtungi unafika ukiwa umejaa, unapikiwa wiki chache, unaisha. Hapo ndipo msemo wa wazee unapotimia: kukopa harusi, kulipa matanga. Kujaza tena ni shilingi elfu ishirini na kitu, zote mkononi, siku moja. Mkulima wa Ufipa huona fedha msimu wa mavuno, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula na walanguzi wanapofungua mizani zao. Mvua zikishika, fedha zimekwenda kwenye mbolea na ada za shule. Mwenye shilingi 3,000 jioni ile anaweza kununua mkaa wa kopo, mafuta ya kula ya kupima, sukari ya robo. Gesi hapana. Gesi ndiyo bidhaa pekee ya jikoni inayomwambia maskini: leta zote au ondoka.

Mnashangaa basi kwamba watu wanatafuta mlango wa nyuma?

Mlango wenyewe tunaujua. Ni fundi wa uchochoroni anayeuinamisha mtungi mkubwa wa kilo 38 na kuuunganisha na mdogo kwa mpira, akikisia kwa sikio na kwa kuutikisa. Sitamtetea, maana anachokifanya kinaua. Gesi ya mitungi ni kimiminika, na kimiminika hicho hutanuka kikipata joto. Ndiyo maana mtungi haujazwi hadi juu, huachiwa karibu sehemu moja ya tano iwe wazi. Asiye na mizani hajui alipovuka mpaka. Akiujaza pomoni asubuhi ya baridi ya Sumbawanga, kisha jua la saa nane likaupiga, kimiminika kinakosa pa kwenda, na shinikizo linapanda mpaka chuma kikubali au kikatae. Gesi inayovuja wakati wa kuhamisha nayo ni nzito kuliko hewa: haipai, inatambaa sakafuni, inapita chini ya mlango na kulitafuta jiko la mkaa la jirani.

Usiku wa Februari 1, 2024, mtaa wa Mradi, Embakasi, jijini Nairobi, lori la gesi lililipuka katika kituo cha kujazia kisichokuwa na kibali. Watu walikufa, zaidi ya 200 wakajeruhiwa, nyumba na magari yakateketea. Mamlaka ya nishati ya Kenya ilisema maombi ya kibali cha kituo hicho yalikuwa yamekataliwa mara tatu mwaka 2023. Mara tatu walikataa kwenye karatasi, na gesi ikaendelea kuuzwa kwa sababu wateja walikuwapo. Hapo ndipo penye somo ambalo viongozi wetu hawataki kulisoma: katazo lisiloleta mbadala halifungi biashara, linaihamishia gizani.

Na nikiwa hapo hapo, niseme na vijana wanaookota vile vikopo vyembamba vya gesi ya kambi, vya gramu mia mbili na kitu, wanavyobeba watalii na wapima ardhi. Vile vimeumbwa vitumike mara moja. Bati lake ni jembamba, valvu yake haikutengenezwa kupokea. Anayekuuzia kifaa cha kuvijaza upya anakuuzia bomu. Basi.

Sasa turudi kwenye biashara halali, kwa sababu hata huko mteja anakamuliwa. Ukienda kubadilisha mtungi, unarudisha na masalia yaliyomo ndani. Gesi hii ni mchanganyiko wa propani na butani. Propani huchemka hata kwenye baridi kali. Butani inazidi kuwa nzito kuamka kadiri nyuzi zinavyoshuka, na ndiyo inayobaki mwishoni. Kwenye uwanda huu wa takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, jioni za Juni na Julai, moto unafifia huku mtungi ukitikiswa bado unasikia kitu ndani. Mama anadhani imekwisha, anaubeba dukani. Tuseme imebaki nusu kilo: kwa mtungi wa shilingi 24,000, ameacha shilingi 2,000 kaunta, bila risiti, bila asante.

Dawa ya hilo ni mizani, na tayari inatakiwa kuwapo dukani. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye shingo yake. Ukisoma 7.2, mtungi kamili lazima uguse 13.2, si 12.8 na tabasamu. Wakala wa Vipimo wanalisema hili kila mara, wadhibiti wa nishati, EWURA, wanalisema, na Sheria ya Vipimo Sura ya 340 ipo. Nauliza tu: katika maduka yanayouza gesi kati ya Kasense na soko la mjini, ni mangapi yataitoa mizani bila kukunja uso?

Ninachokidai si kigeni. Nigeria mtu hupeleka mtungi wake kwenye kituo chenye leseni, anasema nitilie kilo 2, unawekwa kwenye mizani, pampu inafungwa uzito ukitimia, analipa kilo 2. Masalia yake yanabaki yake. Na sisi wenyewe tuliwahi kuwa mbele: KopaGas ilianzia Dar es Salaam, ikafunga kifaa cha kupima juu ya mtungi ili mteja alipie kwa simu kidogo kidogo, kama umeme wa LUKU. Mwaka 2020 kampuni ya Circle Gas iliinunua teknolojia hiyo kwa dola milioni 25, na Nairobi wakaichangamkia. Akili ya Dar imekwenda kuwapikia Wakenya, sisi Rukwa tunapigiwa makofi ya kupokea mitungi.

Kampuni zitasema mtungi ni mali yao, na ukilipuka baada ya kujazwa na mtu mwingine lawama ni za nembo yao. Hoja hiyo ni ya kweli na siipuuzi. Jibu lake ni leseni: anayejaza afunge sili yenye namba yake, akague tarehe ya kupimwa kwa mtungi na hali ya valvu, apake povu la sabuni kabla ya kuuachia, awe na bima, na kampuni ilipwe sehemu yake kwa matumizi ya chuma chake. Kituo kikae uwanjani penye upepo, mbali na majiko na nyumba. Wahandisi wetu hawashindwi na hilo.

Watasema pia kwamba Rukwa ni mbali. Ni mbali kweli, zaidi ya kilomita 1,100 kutoka bandari ya Dar es Salaam. Ndiyo hasa sababu ya kubadili! Kila mtungi mdogo unaojazwa nje ya mkoa huu unasafirisha chuma kizito kuliko gesi iliyomo, kwenda na kurudi, kupitia Tunduma, na nauli ya chuma hicho inalipwa na mama wa Kasense. Leteni gesi kwa lori la tangi mpaka Sumbawanga, ijazwe hapa. Na tafadhali, asisimame mtu kutuambia tusubiri ya Mtwara. Ile ni gesi asilia, methani, haiingii kwenye mitungi hii. Hii tunayopikia inakuja kwa meli.

Fedha za ruzuku zipo, tumeziona zikigeuzwa mitungi. Fungu lijalo lijenge kituo kimoja cha kujazia kwa kilo Sumbawanga, na liwape mawakala wa kata mizani na vifaa vya kulipia kwa simu. Na mheshimiwa atakayekuja Kasense na lori la mitungi mipya ajiandae: kabla ya ngoma na kabla ya picha, ataulizwa kilo moja ni shilingi ngapi na itauzwa wapi.