Ukurasa wa intaneti nao uwe na sanad



Tunawasikia kina mama wakinung'unika kwamba walimu siku hizi wanawaambia watoto watafute somo la maarifa ya jamii kwenye intaneti. Wengine wanasema ni uvivu wa mwalimu. Sisi tunaona ni jambo la kheri, kwa sharti moja: mtoto afundishwe kuuliza nani kaandika, na kajuaje.

Chukueni msikiti wa Kizimkazi. Mtoto wa Wete hahitaji kupanda boti ndipo auone. Mwalimu akipakua picha mapema, hata simu moja inaweza kupitishwa darasani, watoto wakaona mihrabu na maandishi ya Kikufi yanayotaja mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia.

Lakini mtoto huyo huyo akiandika "Kizimkazi" tu, anaweza kuletewa pomboo na hoteli kwanza, maana kurasa nyingi zimeandikwa kwa ajili ya watalii. Na akisoma kwamba msikiti una zaidi ya miaka 900, atadhani kila ukuta anaouona ni wa zama hizo, kumbe sehemu kubwa ya jengo ilijengwa upya karne ya 18.

Hapa ndipo madrasa inapoisaidia skuli. Watoto wetu wanajua kuwa hadithi huulizwa sanad yake. Na Suratul Hujuraat, aya ya 6, inatuamrisha kuihakikisha habari kabla ya kuifanyia kazi. Hata sisi mafundi, bibi harusi akituletea picha ya gauni kwenye simu, hatukati kitambaa kabla ya kuuliza ni cha aina gani na kuchukua vipimo.

Basi mtoto akirudi na kazi ya skuli, usimpe simu ukaondoka. Kaa naye. Muulize: Nani kaandika? Lini? Alifika mwenyewe au kasimuliwa? Kisha mtafuteni mzee wa mtaani anayeijua habari hiyo, mlinganishe.

Nawe unayejiandaa kuolewa usione hili halikuhusu. Mama ndiye mwalimu wa kwanza. Tukiliacha, watoto wetu watavijua visiwa vyao kwa macho ya mgeni aliyekaa siku tatu akaondoka.

Allah atuwafikishe katika malezi. Amin.